Picha ya Uso, Pasi ya Naivasha

Shuleni, Elburgon
4 Machi 1957

Bwana Obeid Sudi,
Ofisi ya Mizigo, Stesheni ya Nakuru.

Hatujuani, kwa hiyo sitapoteza wino kuwasalimu watu wa nyumbani kwako ambao sijawahi kuwaona. Mimi ni Rasoa Nekoye, mjane, mwalimu wa darasa la nne, na mtu ambaye mhariri wa gazeti moja la Nairobi amemwomba kwa maandishi aache kumwandikia. Sijaacha.

Juma lililopita nilikuja Nakuru kununua chaki. Kwa kinyozi, nyuma ya soko, niliona picha ya kinyozi mwenyewe. Anacheka, jino moja halipo, na mwanga umemwangukia upande mmoja kana kwamba mtu amefungua dirisha ghafla. Nikamuuliza ni studio gani. "Studio? Huyo ni Obeid wa reli, mama. Hupiga kwa kupenda tu." Studio za mji huu nazijua. Mkulima wa Subukia huketishwa mbele ya pazia lililochorwa jumba la mfalme, akashikishwa ua la karatasi, akatoka kwenye picha kama maiti aliyevishwa. Wewe umempiga mtu akiwa hai.

Sasa shida yangu. Nina kikundi cha waigizaji saba, wengi wao watu wa kiwanda cha mbao. Kampuni moja ya filamu ya Nairobi inatafuta Waafrika wa kuigiza katika filamu itakayopigwa Naivasha mwezi wa Mei. Wanataka picha ya uso ya kila mtu, kuanzia kifuani kwenda juu, ifike mezani kwao kabla ya tarehe 5 Aprili.

Miongoni mwetu yuko binti anayeitwa Wachuka, mshonaji, umri wake miaka ishirini na mmoja. Huyo ndiye mwigizaji. Sisi wengine tunapiga kelele. Mama yake yuko Naivasha, katika kambi ya vibarua ya shamba moja la ng'ombe. Walitenganishwa mwaka wa 1953 na hawajaonana tangu siku hiyo. Unaijua sheria ya hii Hali ya Hatari: Mkikuyu hatoki Elburgon bila pasi. Wachuka ameomba pasi ya Naivasha mara sita, na mara sita karani amemwambia kwamba kumwona mama si sababu. Lakini atakayechaguliwa na kampuni atapewa pasi. Mzungu akitaka kukupiga filamu, hiyo ni sababu. (Kama kuna mtu anayeifungua barua hii kabla yako, namsalimu, na namwomba aifunge vizuri.)

Hawezi kuja kwako, basi njoo kwetu. Jumapili tarehe 17, kwa treni ya asubuhi. Chakula kipo. Ukikataa, nitakuandikia tena, na kinyozi ataniambia unapoishi.

Rasoa Nekoye


Nyumba za Reli, Nakuru
8 Machi 1957

Mwalimu Nekoye,

Barua yako niliisoma nimesimama kati ya magunia ya mahindi, na karani mwenzangu akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, nimeamriwa.

Nitakuja. Nakushukuru kwa ulivyoiona ile picha ya kinyozi. Miaka minane napiga picha, na wewe ni mtu wa kwanza kuutaja mwanga. Wengine huuliza tu kwa nini sikumwonyesha na kiti chake.

Naomba uwaambie wenzako haya: wasipake unga usoni, wasivae shati jeupe, wasije na miwani ya kuazima. Nina roli mbili za filamu, kila moja picha kumi na mbili, na sijui nitapata nyingine lini. Nitabeba shuka ya kutundika nyuma.

Usitarajie makubwa. Kamera yangu ni ya kukunja, niliinunua kwa fundi wa injini aliyekuwa anarudi kwao. Sikufundishwa na mtu. Wakati mmoja nilipiga watu wengi sana kwa muda mfupi, na mkono ukazoea. Hilo halina maana sasa.

Yule binti mwambie asihofu. Dakika moja tu, haisikiki hata.

Wako,
Obeid Sudi


Nyumba za Reli, Nakuru
20 Machi 1957

Mwalimu Nekoye,

Picha ziko ndani ya bahasha hii, sita, kila moja na jina nyuma kwa penseli. Jumatatu nilipewa siku ya mapumziko. Nikafunika dirisha la jiko kwa blanketi mchana kutwa ili nisafishe picha gizani, mke wangu akapikia nje na kuniambia kwamba wanaume wengine hulewa tu, nao wana nafuu.

Nashukuru kwa yule kuku, na kwa jinsi watoto wa shule walivyonibebea mkoba hadi stesheni. Nashukuru pia kwa Kosgei. Sijawahi kugombana na mtu kwa raha namna ile. Bado namsikia: "Karani, nimeazima hivi viatu tangu Ijumaa, nimevipaka rangi mara tatu, na wewe unaniambia vitabaki nje ya picha?" Nikamwambia kampuni inataka uso. "Uso wangu wataujua vipi bila viatu?" Mwambie nimejitahidi.

Wachuka tu ndiye ambaye sikumpata. Ilipofika zamu yake aliondoka, na treni ilikuwa inakaribia. Pengine alikuwa na haraka ya mteja. Nipe siku nyingine, kabla ya mwisho wa mwezi, nitakuja.

Nadhani picha zimetoka safi. Hakuna aliyetikisika.

Wako,
Obeid


Shuleni, Elburgon
22 Machi 1957

Bwana Obeid,

Hakuna aliyetikisika! Ungekuwa hapa ningekurushia bahasha.

Nimezipanga picha zako sita mezani kwa mstari, na mara moja nikajua nimeziona wapi. Zimo mfukoni mwa kila Mkikuyu wa Elburgon, kwenye kipande chake cha utambulisho. Uso mbele, masikio yote mawili, mdomo umefungwa, nyuma nyeupe pe. Kosgei huyu, ambaye akiingia jukwaani watu hucheka kabla hajafungua kinywa, umemfanya mtu anayetafutwa. Mimi mwenyewe naonekana kama nimeua na niko tayari kuua tena. Ni ajabu gani hii? Mtu aliyempiga yule kinyozi anawezaje kutupiga hivi?

Sasa nikueleze ulichofanya, maana naona hukukiona. Ulikuwa mpole na mcheshi ulipofika. Ulipoitundika ile shuka nyeupe ukageuka mtu mwingine. "Keti. Kidevu juu. Funga mdomo. Usitikisike." Halafu, bila kuinua macho kutoka kwenye kamera yako: "Mwingine!" Mtu wa pili: "Mwingine!" Nilikuwa napanga viti, nikadhani ni uchovu wa safari. Wachuka alikuwa ameketi benchi ya mbele, amevaa nguo yake ya bluu aliyoishona usiku wa siku tatu. Kosgei alipokuwa bado kwenye kiti ukasema tena, "Mwingine!" Wachuka akasimama. Hakuja kwenye kiti. Alipita ukutani, upande wa kushoto, akatoka mlangoni bila kunitazama. Hakuwa na mteja yeyote, Bwana Obeid. Nilimkuta kwenye ua wa miti nyuma ya madarasa, amesimama wima, mikono chini. Nikamwita mara tatu ndipo akageuka.

Tangu Jumapili hasemi lolote juu ya picha. Nikigusa habari hiyo, anakanyaga cherehani kwa nguvu.

Zimebaki siku kumi na nne. Umemkosesha mama yake kwa neno moja, na nataka kujua neno hilo ulilitoa wapi. Uliandika kwamba wakati mmoja ulipiga watu wengi kwa muda mfupi, na kwamba halina maana. Mimi nitapima kama lina maana. Watu gani? Wapi? Nimebishana na wachungaji, wakaguzi wa shule na mhariri niliyekutajia. Sitashindwa na karani wa mizigo. Andika ukweli au usiandike kabisa.

R. Nekoye


Nyumba za Reli, Nakuru
25 Machi 1957

Mwalimu,

Nitaandika.

Mwaka wa 1953, mwezi wa Februari, watu wa mashamba ya wazungu walitakiwa wapigwe picha kwa ajili ya vipande vipya. Wapigapicha hawakutosha. Mtu mmoja wa ofisi alijua nina kamera. Aliniambia ni kazi ya siku tatu, na alisema hivyo kwa namna ambayo haikuulizi kama unataka. Nilipelekwa shamba moja upande wa Subukia. Tulikuwa wapigapicha wawili.

Shuka nyeupe ilitundikwa kwenye ghala la mahindi. Watu walipangwa mstari, wanaume, wanawake, vizee. Nilipewa maneno ya kusema, na ndiyo hayo uliyoyasikia: keti, kidevu juu, funga mdomo, usitikisike, mwingine. Siku ya kwanza nilipiga watu mia moja na zaidi. Sikutazama uso hata mmoja. Niliwaona ndani ya kile kioo kidogo cha kamera, wadogo kama kucha, na hivyo ndivyo nilivyojisaidia. Aliyekwisha kupigwa alipelekwa kushoto au kulia, kwenye malori. Sikuuliza malori yanakwenda wapi. Nilijua vya kutosha kutouliza.

Siku ya tatu nilisema kamera imeharibika. Haikuwa imeharibika. Sisemi hilo ili unisifu, kwa sababu siku mbili za kwanza ilikuwa nzima.

Baada ya hapo kamera ilikaa sandukuni mwaka mzima. Kisha nikaanza kupiga kinyozi, wauza mayai, wapagazi wa stesheni. Nikajifunza kutazama. Nilidhani yale mengine yamenitoka. Nilipoitundika shuka ile darasani kwako, mkono ukakumbuka peke yake na mdomo ukafuata. Sikujisikia, Mwalimu. Naapa sikujisikia, mpaka niliposoma barua yako.

Sijui kama Wachuka alikuwa Subukia. Sikuthubutu kukuuliza. Kama alikuwa, ana haki ya kutoniona tena, nami nitakutafutia mpigapicha mwingine hapa mjini, kesho, hata yule wa pazia la jumba la mfalme.

Obeid Sudi


Shuleni, Elburgon
27 Machi 1957

Bwana Obeid,

Nilikaa na barua yako saa nzima, nikiandika majibu manne na kuyachana yote. Moja lilikuwa zuri sana. Lingekuumiza.

Halafu nikaona kwamba hii si barua yangu ya kujibu. Nikampa Wachuka aisome. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya cherehani, akamaliza kushona kola ya shati. Kisha akasema, "Mwambie aje Jumapili. Asilete shuka."

Ndivyo alivyosema. Mimi sina la kuongeza, na wanaonijua watakwambia hilo halijawahi kutokea.

R. N.


Elburgon
1 Aprili 1957

Kwa Bwana Obeid,

Jana hatukuongea vizuri kwa sababu Kosgei alikuwepo na viatu vyake. Nimefurahi ulimpiga picha mpaka miguuni, ingawa kampuni haitaki. Lakini yeye na wenzake walikula filamu yako yote na kuniachia picha moja, na Mwalimu alipojua nusura ampige kwa ubao.

Nilitaka kukwambia mambo mawili, na mdomoni ni magumu.

La kwanza. Mwalimu anadhani niliondoka kwa hasira. Wewe unadhani niliondoka kwa kukuogopa. Si hivyo. Ile siku Subukia, mama alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Aliketi, akapigwa, ukasema "Mwingine," akaenda kushoto. Nikaketi mimi. Ukasema "Mwingine," nikasimama nikamfuata kushoto. Askari akanishika bega akanigeuza kulia. Lori la kulia lilileta watu huku. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kwa miaka minne nimekuwa nikifikiri, kama ningetembea haraka zaidi ningeshika nguo yake.

Siku ile darasani sikuutambua uso wako. Hata sura yako sikuwa nayo kichwani. Lakini uliposema neno lile kwa sauti ile, miguu ilisimama kabla yangu. Ilikwenda kushoto. Na safari hii hakuna aliyenigeuza, Bwana Obeid. Nilifika mpaka kwenye ua. Nikasimama pale nikiangalia miti. Nilikuwa nangoja lori.

Sikuweza kumweleza Mwalimu. Yeye angeliandikia gazeti.

Kwa hiyo jana nilipokwambia usiseme neno lolote na kwamba mimi ndiye nitakayesema "sasa," haikuwa kukuadhibu. Nilitaka nikae kwenye kiti mbele ya mtu yuleyule na niinuke kwa wakati wangu. Najua nilikukalisha muda mrefu. Wingu lilikuja likaondoka mara mbili. Nilikuwa nakuangalia ukishika kamera, jasho linakutoka, na picha ni moja tu, na hukuniharakisha. Ulinitazama mimi, si kile kioo. Nilipokuwa tayari nikasema.

La pili. Siku ile Subukia askari alimvua mama kitambaa cha kichwa, kwamba picha inataka masikio. Mama alisimama kichwa wazi mbele ya wanaume wote wa shamba. Mtu wa kamera akasema, "Mwache akifunge kwanza nyuma ya masikio, yataonekana." Akangoja mpaka mama akamaliza. Ni kitu kidogo, lakini ndilo neno pekee la ubinadamu tulilosikia siku hiyo. Kwa hilo nakushukuru. Nilitaka ulijue kabla majibu hayajaja, ili usifikiri nakushukuru kwa sababu ya pasi.

Wachuka


Nyumba za Reli, Nakuru
3 Aprili 1957

Dada Wachuka,

Picha yako imeondoka na gari la barua la leo, pamoja na za wenzako mpya, moja kwa moja Nairobi. Itafika kesho. Nakala yako iko ndani ya barua hii. Sitaieleza. Mke wangu aliiona inaning'inia kwenye kamba jikoni, akaacha kulalamika, akasema, "Huyu ana jambo la kukwambia na hajaamua kama unastahili." Ndivyo ulivyo hasa.

Barua yako nimeisoma na imeniwia nzito. Sasa lazima niseme kitu ambacho ningependa kukinyamazia.

Sikumbuki kitambaa cha mama yako. Nimejaribu siku mbili hizi. Nimekaa kwenye magunia nikafumba macho, nimelirudia ghala lile, mstari, shuka. Simwoni. Nilimwandikia Mwalimu kwamba tulikuwa wapigapicha wawili. Mwenzangu alikuwa mtu mzima wa Naivasha, mpole kuliko mimi. Huenda ni yeye aliyesema. Huenda ni mimi, lakini kama ni mimi, nilisema bila kutazama, kama nilivyofanya yote. Siwezi kupokea shukrani ambayo pengine ni mali ya mtu mwingine. Nimeshachukua vingi siku ile visivyokuwa vyangu.

Kwa kiti cha Jumapili, mimi ndiye ninayekushukuru. Kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu anionyeshe nilichofanya, nilipiga picha bila kuisikia sauti yangu ile masikioni.

Nakuombea ipite.

Obeid


Shuleni, Elburgon
29 Aprili 1957

Bwana Obeid,

Wamemchukua!

Barua ilifika Ijumaa. Wachuka binti Kinyanjui, awe Naivasha tarehe 6 Mei, pasi imeambatanishwa, imepigwa mhuri mpaka tarehe 28. Nilikwenda naye kwa karani yule aliyemkatalia mara sita. Akaigeuza pasi nyuma na mbele akitafuta kosa. Nikamwambia, "Bwana, soma polepole, herufi ni zilezile." Akagonga mhuri wake. Wachuka alitoka nje akakaa kwenye ngazi za ofisi, akacheka mpaka askari wa zamu naye akaanza kucheka, hajui kwa nini.

Wengine wote wamekataliwa. Kosgei anasema ni kwa sababu hawakuona viatu. Kuhusu mimi wameandika kwamba wanatafuta mama wa kijijini na uso wangu "una mabishano". Nimeitundika barua hiyo ukutani.

Sasa tuongee mimi na wewe. Wachuka alinionyesha ulichomjibu, na ulifanya vibaya na vizuri kwa pamoja. Kuhusu shukrani mimi nina maoni, na umekwisha kujua kwamba maoni yangu hayakai ndani.

Maisha yangu yote nimeambiwa nishukuru. Mmisheni alitaka nishukuru kwa kusoma, kana kwamba akili aliileta kwa meli. Mkaguzi anataka nishukuru kwa mshahara ulio nusu ya anaolipwa mjinga mwenzangu mweupe. Magazeti kila siku yanatuambia Mwafrika hana shukrani. Shukrani hii wanayoitaka ni kodi ya kichwa, na kama kodi ya kichwa, wanaikusanya na askari. Kwa hiyo niliapa nikiwa msichana kwamba sitamshukuru mtu, na kwa miaka thelathini nimekitimiza kiapo hicho kwa ukali, hata kwa marehemu mume wangu, ambaye alistahili zaidi, na hilo linaniuma.

Wachuka hakudaiwa shukrani na yeyote. Wewe hukuidai. Hali ya Hatari haikuidai. Alikaa kwenye cherehani yake, akapima siku mbaya kuliko zote alizowahi kuishi, akakuta ndani yake neno moja jema, na akalilipia kwa hiari yake. Halafu wewe unamrudishia, kwamba anwani si sahihi! Kama ni wewe uliyesema, pokea. Kama ni yule mzee wa Naivasha, basi pokea kwa niaba yake, umtafute, umkabidhi. Lakini usimfanye binti huyu arudi na mzigo aliokwisha kuutua.

Sijakusamehe zile siku mbili. Si mimi ninayeweza kukusamehe, na hata ningeweza, singefanya haraka. Lakini ulipoulizwa ulijibu, na ulipopewa sifa isiyo na uhakika uliikataa. Nimewajua maaskofu wasioweza hata moja kati ya hayo.

Kwa hiyo, Obeid Sudi, mimi Rasoa Nekoye, bila kulazimishwa na mtu, nikiwa na akili zangu timamu, nasema asante. Imenichukua kurasa mbili kufika hapa. Isome polepole, kwa sababu sijui kama nitaiandika tena.

Mwalimu


Naivasha
19 Mei 1957

Bwana Obeid,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mlangoni kwa mama, na ananiuliza namwandikia nani. Nimemwambia. Akasema andika vizuri.

Nianze na aibu. Kampuni imenifukuza.

Nilipewa kuwa mwanamke ambaye nyumba yake inaungua. Kazi yangu ilikuwa kukimbia kutoka kwenye moshi, kusimama mbele ya kamera kubwa na kulia. Mwalimu alinifundisha kulia kwa namna tano. Siku ya kwanza tulijaribu bila kamera, nikalia mpaka yule mzungu mkubwa akasema, "Safi sana." Lakini siku ya pili, ya kamera, ilikuwa Jumapili, na vibarua waliruhusiwa kuja kutazama. Walifunga kamba, watu wakasimama nyuma yake.

Mama alikuwa mbele kabisa. Nilikuwa nimeshamwona kambini jioni ya kwanza, tulikuwa tumeshalia hayo ya kulia. Amekonda, ana meno pungufu, lakini sauti ni ileile. Nikatoka kwenye moshi nikikimbia, nikafika mahali pangu, nikainua macho, nikamwona ameshika kamba kwa mikono miwili na anawaambia watu wote, kwa Kikuyu, kwa sauti ya sokoni, "Yule wangu. Yule. Hapana, si yule, yule mzuri."

Nikacheka.

Wakasema turudie. Wakawasha moshi mwingine. Nikakimbia, nikafika, nikacheka kabla sijasimama. Mara ya tatu vivyo hivyo. Mara ya nne mkalimani akanijia: "Dada, nyumba yako inaungua! Watoto wako wamo ndani! Una nini?" Nikamwambia najua, nasikitika sana. Yule mkubwa akatupa kofia. Wakampa kazi hiyo msichana kutoka Gilgil ambaye mama yake hayupo.

Nilidhani watanirudisha siku hiyohiyo. Nikafunga nguo zangu nikangoja mbele ya hema la karani wao. Akatoka, akanikuta, akauliza nangoja nini. Nikasema pasi. Akaitazama. "Hii ni mpaka ishirini na nane," akasema. "Mimi si polisi. Nina watu sitini wa kulisha, hebu nipishe." Akaingia ndani.

Basi nikarudi kwa mama. Sijui nimshukuru nani kwa hilo, kwa hiyo nawashukuru ninaowajua. Mwalimu nimemwandikia barua yake, nawe hii ni yako. Usinirudishie tena.

Picha uliyonipiga nimempa mama. Kwanza aliikataa. Alisema msichana aliyemwacha Subukia hakuwa na macho ya namna hii, na akataka kujua nani amempa binti yake macho hayo. Nikamwambia tutafika huko, tuko bado mwezi wa Februari. Maana tunasimuliana kwa mpango, mwezi kwa mwezi, yeye wake na mimi wangu, ili tusiruke kitu. Jana tulimaliza mwaka wa hamsini na tatu. Leo tunachambua maharagwe ya majirani na tumeanza hamsini na nne.

Tuna siku tisa. Mama anasema tukiongea tukila, zitatosha.

Wachuka